Land Rover Kuukuu ya Jeshi: Uirudishe Kama Ilivyokuwa au Uigeuze ya Shamba?

Leo hatuzungumzi juu ya mbegu wala mbolea. Tunazungumza juu ya gari. Vikundi vingi vya wakulima huvutwa na mnada wa magari ya serikali, na mara nyingine katika minada hiyo, pamoja na matrekta mabovu na pikipiki zisizo na magurudumu, husimama Land Rover kuukuu ya jeshi, pikapu yenye rangi ya majani, turubai limechanika, tairi hazina upepo. Bei ya kuanzia si kubwa. Mtu anaitazama anasema, "Hiki ndicho chuma, siyo haya magari ya siku hizi. Tuichukue."

Sawa. Lakini je, ukishaichukua utaifanya nini? Utairudisha kama ilivyokuwa jeshini, au utaigeuza iwe ya shamba? Na ukiigeuza, utaigeuza kiasi gani? Walio wengi hununua kwanza, wakafikiri baadaye, na fedha za mavuno ya msimu mzima zikaishia gereji huku gari lenyewe limekaa juu ya matofali.

Kwa asili gari hili ni la mkulima. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Maurice Wilks wa kampuni ya Rover ya Uingereza alikuwa akitumia shambani kwake, katika kisiwa cha Anglesey, Jeep ya Kimarekani iliyokwisha kazi ya jeshi. Akaona kwamba kampuni yake ingeweza kutengeneza gari la namna hiyo kwa ajili ya wakulima. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948, na majeshi yakaipenda baadaye. Siku hizo bati la chuma lilikuwa adimu, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa alumini. Kumbuka jambo hilo la alumini, maana ndilo linalowadanganya wanunuzi.

Linawadanganya vipi? Alumini haishiki kutu kama chuma. Kwa hiyo unaweza kukuta bodi nzuri kabisa, imepigwa rangi inang'aa, kumbe chini yake chesisi imeoza. Chesisi ya Land Rover ni ya chuma, nayo ina uwazi ndani kama bomba la pembe nne. Matope na maji huingia, hukaa, na kutu huanza kula kutoka ndani kwenda nje. Gari lililofanya kazi pwani, penye hewa ya chumvi, ni la kutazamwa mara mbili.

Basi siku ya kulikagua usianze na injini. Chukua nyundo ndogo, bisibisi na tochi, lala chini. Gonga chesisi kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hutoa sauti nzito iliyokufa, na bisibisi ikisukumwa huingia. Gonga hasa boriti ya nyuma kabisa, ile mikono ya chuma inayotoka ubavuni kushika bodi, na mahali springi zinaposhikiliwa. Kisha inua mkeka wa dereva utazame pale anapoweka miguu, maana ukuta ule kati ya injini na dereva nao ni wa chuma. Ukiona vipande vya bati vimechomelewa juu ya vingine, jua mtu amefunika kidonda bila kukisafisha. Chesisi ikiwa imeoza mahali pengi, achana na gari hilo, hata kama injini inanguruma vizuri namna gani. Injini hufunguliwa ikashushwa kwa siku moja. Kubadili chesisi ni kuliunda gari upya.

Haya, tuseme chesisi ni nzima. Sasa ndipo swali letu linapokuja, na jibu lake linategemea kazi. Tuseme wewe na wenzako watano mnalima viazi katika milima ya Njombe, na soko liko kilometa 40 kutoka kwenu. Land Rover ndefu, ile ya inchi 109 kutoka ekseli hadi ekseli, jeshi la Uingereza liliihesabu kuwa gari la robo tatu ya tani, yaani karibu kilo 750. Hiyo ni kama magunia saba ya kilo 100. Lakini ninyi mnapakia lumbesa, siyo? Basi usihesabu magunia, hesabu kilo. Gari hili halikuundwa kubeba mzigo wa lori. Liliundwa kufika mahali ambapo lori halifiki. Kama barabara yenu ni nzuri mwaka mzima, kodini lori, mtapata faida zaidi. Kama inakatika kila masika na viazi vinaozea shambani, hapo Land Rover ina maana.

Sasa kuirudisha kama ilivyokuwa. Wako watu, hasa Uingereza, wanaotafuta magari ya jeshi yaliyokamilika, wakayarudishia kila kitu: rangi ile ile, turubai lile lile, hata alama zilizoandikwa mlangoni. Hiyo ni kazi ya upendo, nayo hula fedha bila kuleta gunia moja sokoni. Sikushauri mkulima aifanye kwa fedha za kikundi. Hata hivyo usiharibu. Kile kibao kidogo chenye namba na tarehe za jeshi usikitupe. Viti, vishikio vya jerikeni na matao ya turubai usivyohitaji viweke stoo. Na unapoongeza kitu, kifunge kwa bolti. Usikate, usichomelee pasipo lazima. Gari lisilokatwa huweza kuuzwa kwa mtu wa namna ile siku mtakapolichoka, na bei yake huwa nyingine.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni la umeme. Land Rover za mtindo wa jeshi la Uingereza zilikuwa za namna mbili. Zile za kazi za kawaida zilitumia volti 12 kama magari ya raia. Zile zilizoundwa kubeba redio za mawasiliano zilitumia volti 24, na plagi na nyaya zake zilivishwa chuma ili cheche zisiingilie redio. Gari la namna hiyo ukilipeleka kwa fundi wa mtaani akakuwekea taa za volti 12, zitaungua hapo hapo. Kuona betri mbili hakutoshi, kwa maana betri mbili zinaweza kuungwa zikatoa volti 12 tu. Mwambie fundi apime. Ikiwa ni 24, shauri langu ni kugeuza mara moja kuwa 12, kwa mpango: alteneta, staata, koili, plagi na nyaya zake, taa zote, mota ya waipa na geji. Tafuteni Land Rover ya raia iliyokufa, mtoe vifaa hivyo pamoja. Kugeuza nusu nusu ndiko kunakozaa moto.

Injini je? Hapa ndipo mafundi wanapopenda kukushawishi. "Toa hii petroli, weka diseli." Tupige hesabu. Injini ya zamani ya petroli, ile ya lita 2.25, ikiwa na mzigo huenda kama kilometa 6 kwa lita. Diseli nzuri huenda kama kilometa 9. Safari ya kwenda sokoni na kurudi ni kilometa 80: petroli lita 13 na kidogo, diseli lita 9. Tofauti ni kama lita 4. Mkienda sokoni mara moja kwa juma, kwa majuma 12 ya mauzo, mtaokoa lita 48. Je, lita 48 zinanunua injini? Hata kidogo! Lakini kama gari litabeba maziwa kila siku, siku 300 kwa mwaka, hizo ni lita 1,200, na hesabu inageuka.

Kwa hiyo, kama injini iliyomo haitoi moshi wa buluu na haijachoka kusukuma, itunze mwaka mmoja, andika kila lita katika daftari, ndipo mkate shauri. Ukiamua kubadili, injini za diseli za 200 Tdi, zilizotoka karibu na mwaka 1990, mafundi huzifunga katika Land Rover za zamani bila kukata mno. Lakini fahamu kwamba zina nguvu kuliko zile za kwanza, wakati gia boksi na ekseli ni zile zile za zamani. Dereva mwenye haraka atavunja shafti za nyuma katika mlima wa kwanza. Tena namba ya injini ikibadilika, kadi ya gari nayo lazima ibadilishwe.

Juu ya bodi nitasema kifupi. Toa mabenchi ya askari, weka sakafu ya mbao na mbao za ubavuni zinazofunguka. Turubai ni zuri kuliko bati: ukilikunja pembeni viazi vinapata hewa, na halina uzito. Usijenge kichanja kirefu cha vyuma juu. Mzigo ukipanda, gari hulala katika kona. Wala usiigeuze kuwa basi la kijiji. Ukifunga chuma juu ya alumini, weka kipande cha mpira katikati, la sivyo alumini italiwa ikawa unga mweupe. Rangi ya jeshi na alama zake ziondoe kabla ya kuingia barabarani, usijitafutie maswali.

Lakini kabla ya rangi, kabla ya mbao, kabla ya injini, kuna breki. Nyingi za Land Rover za zamani zina njia moja tu ya mafuta ya breki. Mpira mmoja ukipasuka, magurudumu yote manne yanakosa breki kwa pamoja, nawe unashuka mlima na kilo 750 mgongoni. Gari lililolala nje miaka mingi mipira yake imekauka hata kama inaonekana mizima. Badilisha mipira yote, silinda zote ndogo za magurudumu zifunguliwe, mabomba yenye kutu yatolewe. Fedha zikiisha hapo, ziishe. Gari lisilo na rangi litafika sokoni.

Likishakuwa tayari, safari ya kwanza beba nusu ya mzigo. Jaribu gia ya chini na magurudumu yote manne katika udongo au matope. Usiyafunge yote manne kwenye lami kavu, kwa sababu mbele na nyuma hukazana hadi kitu kivunjike. Mkirudi, kila mtu na kazi yake: mmoja atazame chini kama kuna oili inayodondoka, mwingine aguse magurudumu kama liko lililopata moto kuliko mengine, na mwingine akaze upya nati za magurudumu na bolti zinazofunga springi kwenye ekseli. Zikazeni tena baada ya kilometa 100.