Mungu huona bila kuaibisha

Katika nyika ya Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, inayogusa mikoa ya Tanga na Kilimanjaro, yupo mnyama mdogo aitwaye mbweha masikio. Kwa masikio yake makubwa husikiliza mchwa na wadudu wengine ardhini, na hao ndio chakula chake kikuu. Usiku mama akienda kutafuta chakula, mara nyingi baba ndiye hubaki shimoni kulinda watoto.

Watoto hao ni waoga. Wakisikia hatua za mtu, hutoweka shimoni. Wakisumbuliwa sana, wazazi wanaweza kuwahamishia shimo jingine. Ndiyo maana mtu anayetaka kuwaona wakicheza hutega kamera. Huifunga kwenye mti au kigingi, kisha huondoka. Mnyama akipita, kamera huhisi joto na mwendo wake, ikapiga picha yenyewe. Usiku hutumia mwanga ambao jicho la mtu halioni. Mwenye kamera kazi yake ni kusubiri, siku hata wiki.

Subira hiyo ina matunda. Mwaka 2005 kamera za namna hii katika milima ya Udzungwa zilinasa sange mwenye uso wa kijivu, ambaye wanasayansi hawakumjua. Mwaka 2008 alitangazwa rasmi kuwa spishi mpya. Lakini Muumba wake alimjua siku zote.

Sasa tujiulize sisi tunaotoa sadaka. Tunafika kwenye kituo cha yatima na unga, sukari na mafuta. Kabla mzigo haujashushwa, simu zimeshatoka mifukoni. Mtoto anaambiwa asogee, ashike mche wa sabuni, atabasamu. Jioni uso wake umezunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Kesho shuleni wenzake wanamwita "mtoto wa msaada". Sabuni itakwisha baada ya wiki moja. Jina hilo atakaa nalo miaka.

Soma Mwanzo 16. Hajiri alikuwa mjakazi, mjamzito, amekimbia mateso. Malaika wa Bwana alimkuta peke yake penye chemchemi jangwani. Alimwita kwa jina lake, akamuuliza atokako na aendako, akamsikiliza. Hapakuwa na umati wa kumtazama. Mama yule akamwita Mungu kuwa ndiye amwonaye. Alionwa, wala hakuaibishwa.

Utasema, "Lakini waliochanga wanataka ushahidi." Ni haki yao. Basi piga picha ya magunia. Tunza risiti. Mlezi wa kituo asaini kwamba amepokea. Ushahidi wa unga ni unga wenyewe. Hauhitaji uso wa mtoto. Na katika Mathayo 6 Bwana Yesu ametufundisha kutoa kwa siri, kwa kuwa Baba aonaye sirini hahitaji picha yetu.

Yesu alipowataja ndege wa angani, aliwauliza wasikilizaji wake kama wao hawana thamani kuliko hao. Nasi tujiulize vivyo hivyo. Ikiwa mtu anaweza kunyata, kujificha na kusubiri wiki nzima asimtishe mtoto wa mbweha, mtoto wa binadamu tumstahi kiasi gani?

Wiki hii ukienda kutoa, iache simu mfukoni. Keti naye. Muulize jina lake, umsikilize. Jumapili njema.