Vali Imefungwa: Nani Amehakikisha?

Pale Katwe, kusini mwa mji wa Kasese, kando ya ziwa la chumvi, yamesimama mabaki ya kiwanda kikubwa. Kilijengwa na kampuni ya Ujerumani katika miaka ya 1970 ili chumvi itolewe kwa mitambo. Hakikudumu. Maji ya ziwa lile yaliyala mabomba, na mpaka leo chumvi ya Katwe inatolewa kwa mikono na watu waliosimama majini. Tunaanza na habari hiyo kwa sababu wenzetu wa Kasese na Bwera wanaijua, na kwa sababu bomba lililoliwa huliwa pamoja na vali yake.

Vali, ambayo wengine huiita koki, ndiyo inayotutenganisha na mvuke, hewa ya kompresa, tindikali au maji yenye nguvu. Fundi anapoingiza mkono ndani ya mtambo wa saruji pale Hima, au ndani ya boila ya kiwanda cha chai upande wa Fort Portal, uhai wake umeshikwa na kipande cha chuma kisichozidi kiganja. Kwa hiyo si haki mtu afanye kazi miaka kumi mbele ya vali bila kuambiwa ndani yake mna nini.

Sehemu zake si nyingi. Uko mwili, ambao umefungwa kwenye bomba kwa flenji na bolti. Juu yake kuna kifuniko. Katikati hupita spindeli, ule mti wa chuma unaozungushwa na gurudumu la mkono. Mwisho wa spindeli kuna ulimi, na ulimi hukalia kiti. Hapo ndipo kazi yote ilipo: ulimi ukikaa sawasawa kitini, kitu hakipiti, pakiwa na mkwaruzo mwembamba kama unywele, kinapita. Mvuke ukipata njia hiyo huichimba kila siku, na kuongeza nguvu ya mkono kwenye gurudumu hakusaidii. Kunapinda spindeli tu. Tumewaona vijana wakitia kipande cha bomba kwenye gurudumu ili wapate nguvu zaidi, na msimamizi anawasifu kwa bidii!

Mahali spindeli inapotokea nje pamezibwa kwa pakingi, nayo hukazwa na glandi. Hapa tunaomba msikilize vizuri. Pakingi nyingi za zamani, na gasketi pia, zilitengenezwa kwa asbesto. Vumbi lake likiingia mapafuni huleta kansa, na ugonjwa hujitokeza baada ya miaka 20, 30 au zaidi, wakati mtu amekwisha staafu na mwajiri hamkumbuki. Pakingi isiyojulikana asili yake ihesabiwe kuwa ni asbesto. Isikwanguliwe kavu, isipulizwe kwa hewa, isifagiliwe. Ilowanishwe kwanza, na anayeitoa apewe kinyago kinachofaa. Kitambaa cha mdomoni hakizuii vumbi hilo.

Ukaguzi huanza kwa macho: kutu, ufa, bolti zilizopungua, tone chini ya glandi. Baadaye vali hufunguliwa. Fundi hupaka ulimi rangi ya buluu kidogo, akaukalisha kitini na kuuinua. Rangi ikiacha duara kamili, kiti ni kizima, ikikatika mahali, pasagwe upya. Kisha hujaribiwa kwa maji. Kwa kawaida mwili hupewa mara 1.5 ya presha ya kazi iliyowekwa na mtengenezaji, na kiti mara 1.1. Tunasema maji, kwa sababu hewa iliyobanwa hulipuka chuma kikipasuka, maji hayalipuki hivyo. Anayetaka kujaribu kwa hewa ili amalize upesi ajibu mbele ya wote kwa nini.

Vali ya usalama ya boila ni jambo la peke yake. Ina springi iliyopimwa na kufungwa kwa lakiri, ili presha ikizidi ijifungue yenyewe. Kuikaza zaidi kwa sababu “inapoteza mvuke” ni kuondoa kinga ya mwisho ya watu wote waliomo.

Hata hivyo vali nzima inaweza kuua kama habari zake hazikufika. Tarehe 28 Machi 1979, katika kituo cha nguvu za nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, vali moja ilikwama wazi. Taa ya chumba cha uendeshaji ilionyesha kwamba amri ya kufunga imetolewa, na wafanyakazi wakadhani vali yenyewe imefungwa. Maji yalivuja zaidi ya saa mbili, na kiini cha mtambo kikayeyuka sehemu. Tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la mafuta na gesi la Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini, vali ya usalama ya pampu ilitolewa mchana ili ikakaguliwe, na tundu lake likafunikwa kwa sahani ya chuma. Zamu ya usiku haikupata habari, ikawasha pampu. Walikufa watu 167.

Uganda ina sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2006. Inataka boila na vyombo vya presha vikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa, na inampa mfanyakazi haki ya kuondoka penye hatari kubwa iliyo karibu. Kwa hiyo kila tawi lidai cheti cha ukaguzi kionekane, na pawe na daftari la zamu mlangoni pa mtambo. Liandikwe vali gani imetolewa, tundu limezibwa kwa nini, kufuli iko kwa nani. Anayetoka na anayeingia watie sahihi wote wawili, wakiwa wamesimama mbele ya vali yenyewe, si ofisini.