Lori Linazimika Njiani: Tuanze Kuchunguza Wapi?

Malori ya zamani bado yanafanya kazi kubwa vijijini. Yanabeba mahindi, pamba, mbolea na mabati ya shule. Lakini lori likizimika njiani, mambo yanaharibika. Mazao yananyeshewa. Mgonjwa aliyepewa nafasi anachelewa hospitali. Na fedha za kijiji zinaanza kuondoka: leo pampu, kesho nozeli, keshokutwa betri. Mwishowe lori linazimika vile vile.

Kwa nini? Kwa sababu tunabadilisha vifaa kabla ya kujua ugonjwa. Mganga mzuri humwuliza mgonjwa maswali kwanza, ndipo atoe dawa. Basi na lori tuliulize: umezimika namna gani?

Injini ya dizeli inataka nini?

Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche kama injini ya petroli. Yenyewe hubana hewa kwa nguvu, mpaka hewa ipate joto la zaidi ya digrii 500. Dizeli ikipulizwa humo, inawaka. Kwa hiyo inataka hasa hewa safi na dizeli safi isiyokatika.

Chukua mfano wa lori la dizeli la Bedford TK, aina iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1960. Dizeli inatoka kwenye tangi. Inavutwa na pampu ndogo, inapita kwenye chujio, inaingia pampu kubwa, halafu inakwenda kwenye nozeli. Njia hii ikiziba, au ikiingia hewa, injini inazima. Tuifuate kuanzia kwenye tangi, maana huko matengenezo ni rahisi. Pampu kubwa iwe ya mwisho. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye vipimo, tena mahali pasafi.

Dalili na sababu zake

1. Nguvu inapungua polepole, hasa mlimani na mzigo, kisha injini inazima. Likipumzika, linawaka tena. Hapo dizeli haifiki ya kutosha. Fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa inaingia kwa nguvu, na baadaye lori likaenda vizuri, tundu la kupumulia tangi limeziba. Lizibue. Kazi hiyo haigharimu kitu! Kama si hilo, tazama chujio la dizeli, kisha uchafu ndani ya tangi.

2. Mngurumo unapanda na kushuka wenyewe, kisha injini inazima. Asubuhi inasumbua kuwaka. Mara nyingi hewa imeingia katika dizeli. Watu hutafuta panapovuja, hawaoni. Kumbe kati ya tangi na pampu ndogo dizeli inavutwa. Paipu ikipasuka hapo inaweza kuvuta hewa ndani bila kudondosha hata tone moja. Kagua viungo, washa na paipu za mpira zilizozeeka. Halafu toa hewa: legeza skrubu ya kutolea hewa kwenye chujio, piga pampu ya mkono, povu litoke. Ikitoka dizeli tupu, kaza.

3. Injini inakatakata na kutoa moshi mweupe. Pengine dizeli ina maji. Toa kidogo chini ya chujio, weka katika chupa ya kioo, iache itulie. Maji yatakaa chini, dizeli juu.

4. Inazima ghafla, kama imezimwa na mtu. Tazama waya wa kuzimia injini, huenda umekwama. Malori mengine yana kifaa cha umeme kwenye pampu kubwa. Waya wake ukilegea, injini inazima hapo hapo.

5. Mshale wa joto umepanda sana. Usilazimishe kuwasha. Ngoja ipoe. Usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa ya moto, maji yatakuunguza.

Tazama pia bomba la moshi wakati dereva anapiga stata. Kama hakuna moshi hata kidogo, huenda dizeli haifiki kabisa kwenye nozeli.

Jihadharini

Usijaribu kwa mkono kama paipu za nozeli zinavuja injini ikiwa inazunguka. Dizeli hutoka humo kwa nguvu ya kupenya ngozi. Aliyepenywa aende hospitali mara moja, hata kama kidonda ni kidogo.

Lori likizimika mlimani, utingo aweke mawe kwenye magurudumu upesi. Breki za upepo hutegemea pampu inayozungushwa na injini. Injini ikisimama, upepo hauongezeki, na kila ukikanyaga unapungua. Ndiyo maana kushuka mlima gia ikiwa huru ni hatari. Mkiondoka, toeni mawe barabarani. Mwenzenu anapita usiku.

Daftari la lori

Hapa ndipo kusoma na kuandika kunapotusaidia. Kila lori liwe na daftari. Dereva au utingo aandike: limezima saa ngapi, mlimani au tambarare, na mzigo au tupu, moshi wa rangi gani, dizeli ilinunuliwa wapi, chujio lilibadilishwa lini. Fundi akisoma mistari hiyo hatakisia. Na akisema "pampu imekufa", kamati ya kijiji itaweza kumwuliza: je, tangi na chujio umeshavitazama?

Mjadiliane

1. Lori la kijiji chenu likizimika, nani anaandika habari zake?
2. Dizeli ya pipa mnaichuja kabla ya kuitia kwenye tangi?
3. Mara ya mwisho mlilipia kifaa gani? Je, lori lilipona?