Mashini za Kukata Majani: Ipi Inafaa Shamba Lako?

Kila mvua za masika zinapokwisha, majani husimama kila mahali: uani, kando ya njia, karibu na josho, katika viwanja vya shule na vya makanisa. Ndipo wakulima wa skimu huja ofisini kwetu kuuliza habari za mashini za kukata majani. Mara nyingi swali lao ni moja tu: "Ni bei gani?" Si swali baya, lakini si la kwanza. La kwanza ni hili: majani yakiisha kukatwa, yatakwenda wapi? Ikiwa yataachwa yaoze pale pale, iko mashini yake. Ikiwa yatawekwa akiba ya ng'ombe kwa wakati wa kiangazi, iko nyingine kabisa, na mtu akinunua isiyofaa, fedha ya maziwa ya miezi mingi imekwenda bure.

Yafaa kwanza tujue jinsi mashini hizi zinavyokata. Ziko njia mbili za kukata jani. Njia moja ni ya mkasi: jani hubanwa kati ya visu viwili, likakatika taratibu. Njia ya pili ni ya panga: kisu kimoja hupita kwa kasi sana, na jani hukatika kabla halijapata nafasi ya kuinama. Mashini zote utakazoziona dukani zafuata mojawapo ya njia hizi mbili.

Mashini ya kwanza ya kukata majani ya uani ilikuwa ya mkasi. Aliyeitengeneza ni Edwin Budding, fundi wa mji wa Stroud katika Uingereza, naye alipewa hati ya uvumbuzi wake mwaka 1830. Katika sehemu zile palikuwa na viwanda vya nguo za sufi, na ndani yake mlikuwa na mashini ya kunyoa manyoya yaliyosimama juu ya kitambaa. Budding akaona kwamba kinyoacho nguo kinaweza kunyoa na majani. Mpaka leo mashini ya namna hii ni ile ile: silinda yenye visu vitano au zaidi vilivyopindwa kidogo, na chini yake kisu kimoja kilichotulia. Unapoisukuma, magurudumu huzungusha gia, gia huzungusha silinda, na kila kisu hulivuta jani mpaka kwenye kile kisu cha chini. Ukitaka kujua kama imetengenezwa sawa, tia ukanda wa karatasi kati ya visu na uzungushe silinda polepole kwa kushika ukingo wake, vidole viwe mbali. Karatasi ikikatika safi kutoka upande huu mpaka ule, ni sawa. Ikikunjika, kaza skrubu za kisu cha chini kidogo kidogo.

Mashini hii hukata vizuri kuliko zote, wala haitaki petroli ikiwa ni ya kusukuma kwa mkono. Lakini ina kasoro zake. Majani yakiwa marefu kupita katikati ya silinda, husukumwa mbele na kulala chini, hayakatwi. Kokoto moja yatosha kuharibu makali. Inafaa mahali panapokatwa kila juma, kama mbele ya ofisi au uwanja wa gofu. Nimeona kamati ya shule ikiileta katika uwanja wenye majani ya kufika magotini. Baada ya hatua kumi ilirudishwa stoo, watoto wakaitwa na mafyekeo yao.

Mashini ya njia ya panga ndiyo iliyo nyingi madukani sasa. Ina kifuniko cha bati au plastiki, na chini yake kisu kirefu kinachozunguka kama mara 3,000 kwa dakika. Ncha ya kisu cha inchi 21 ikizunguka hivyo huenda karibu kilometa 300 kwa saa. Sehemu inayokata ni inchi chache tu za mwisho kila upande. Nyuma ya makali chuma kimekunjwa juu kama bawa, ili kivute upepo uinue majani yasimame. Yafaa kwa majani marefu kiasi na kwa ardhi isiyo sawasawa sana.

Majani ya Kikuyu, ambayo ndiyo mengi katika skimu za nyanda za juu, yanataka nguvu. Hutambaa, hushikana, na hufanya kitanda kinene. Hapa kuna jambo ambalo mwenye duka huenda asikuambie: injini ya petroli hupungukiwa na nguvu karibu sehemu tatu katika mia kwa kila futi 1,000 za mwinuko, kwa sababu hewa ni nyepesi. Kinangop, penye futi 8,000 hivi, injini ile ile iliyofanya kazi vizuri Mombasa imepoteza karibu robo ya nguvu zake. Kwa hiyo ukaapo juu, usinunue injini ndogo kuliko zote. Tena usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wa majani kwa mara moja. Yakiwa marefu, inua magurudumu, kata, kisha rudia baada ya siku chache.

Sasa tuje kwa ng'ombe. Mashini ya kisu kinachozunguka huyakatakata majani na kuyatawanya. Yakirundikwa mabichi hupata moto na kuharibika upesi, na huenda yamechanganyika na oili au uchafu. Usimpe ng'ombe rundo hilo. Yatandaze chini ya kahawa au uyatie katika shimo la mbolea; ila vipande vya majani ya Kikuyu vikaushwe kwanza juani, kwani vikiwa vibichi huota tena, nawe utakuwa umejipandia magugu.

Kwa majani makavu ya akiba, kama Boma Rhodes, mashini ifaayo ni ya meno: ubao mrefu wa chuma wenye vidole, na kisu chenye meno ya pembe tatu kinachokwenda kushoto na kulia kati ya vidole hivyo. Ni njia ya mkasi tena. Hukata shina mara moja tu karibu na ardhi, na majani hulala mazima, tayari kukauka na kufungwa marobota. Kata yanapoanza kutoa maua, na siku zenye jua. Bei yake ni kubwa, kwa hiyo ni afadhali wenye mashamba ya jirani wainunue pamoja au wakodi. Majani ya tembo hayahitaji mashini yo yote kati ya hizi, panga latosha. Na mwenye ua mdogo wa nyumba asione haya kubaki na fyekeo lake lenye makali.

Kabla ya kuwasha mashini ya petroli, okota mawe, waya na mifupa, na uwaondoe watoto wote, maana jiwe hutoka chini yake kama risasi. Vaa viatu vigumu. Ukitaka kunoa kisu, chomoa kwanza waya wa plagi, kisha uilaze mashini huku chujio la hewa likielekea juu ili oili isiingie humo. Noa kwa tupa, halafu kitundike kisu juu ya msumari kwa tundu lake la katikati. Upande ukishuka, ndio mzito. Upunguze kwa tupa mpaka pande zote zilingane, kwani kisu kizito upande mmoja huitikisa mashini mpaka mhimili wa injini unaharibika.