Likizo ya Masisi na Walikale: Hesabu Mwinuko Kabla ya Kilomita

Ukitoka Goma, mashariki mwa Kongo, kuelekea magharibi, baada ya kilomita 25 hivi unafika Sake, na hapo barabara inagawanyika. Ya kushoto inafuata Ziwa Kivu kwenda Shasha na Bweremana. Nyingine inapanda kwa kona hadi Mushaki, kisha inaendelea Masisi mjini. Siku za utulivu, simama kwenye njia panda hiyo nusu saa tu. Utaona chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, likishuka na magunia ya viazi, kijana wake amekanyaga kipande cha tairi kilichowambwa juu ya gurudumu la nyuma, maana hiyo ndiyo breki aliyo nayo. Nyuma yake inakuja pikipiki yenye ndoo za maziwa, kisha lori la mkaa. Vyote vinatoka juu. Kutoka upande wa ziwa wanapanda kina mama na mabeseni ya sambaza waliokaushwa. Anayeelewa kwa nini viazi vinashuka na samaki wanapanda ameshaelewa nusu ya somo la kupanga safari ya huku.

Wengi hupanga likizo kwa kuanza na hoteli, kisha wanahesabu kilomita. Masisi na Walikale zina mantiki nyingine, nayo ni mwinuko. Uso wa Ziwa Kivu uko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Ukipita Mushaki uko juu ya mita 2,000. Ukivuka milima ya Masisi na kuteremkia upande wa pili hadi Walikale mjini, unakuta mita 700 hivi. Joto hupungua takribani nyuzi sita kila unapopanda mita 1,000. Kwa hiyo mchana ambao Walikale wanatokwa jasho kwenye nyuzi 29, Bweremana kuna 24 au 25, na kwenye vilima vya mita 2,200 kuna 20. Usiku huko juu hutalala bila blanketi mbili. Mkoa ni mmoja, Kivu Kaskazini, ila ndani yake mna likizo tatu: ya ufukwe, ya milima na ya msitu. Kila moja ina mzigo wake, chakula chake na hatari yake.

Ufukwe wenye hewa isiyoonekana

Ziwa Kivu ni ziwa la kuogelea. Halina mamba wala kiboko, jambo ambalo maziwa mengi ya ukanda huu hayawezi kujivunia. Sababu ya upekee wake ni volkeno. Lava ya milima ya Virunga iliziba bonde ambalo zamani lilipeleka maji kaskazini. Maji yakajaa, na leo yanatokea kusini kwa Mto Ruzizi hadi Tanganyika. Vilindi vyake vinafika karibu mita 480, na huko chini maji yamebeba hewa ukaa na methani kwa wingi wa ajabu. Hewa hiyo ya vilindini haimsumbui anayeoga ufukweni. Ya kuiogopa ni ile inayovuja kutoka ardhini, karibu na maji, kati ya Goma na Sake. Wenyeji wanaiita mazuku.

Mazuku ni hewa ukaa. Haina rangi, na mara nyingi hutasikia harufu yoyote. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inajikusanya mabondeni kama maji: kwenye shimo la kuchimbia mawe, kwenye ufa wa lava, nyuma ya ukuta usiopitisha upepo. Usiku na alfajiri, upepo unapotulia, inajaa. Jua likipanda na upepo ukianza, inatawanyika. Ndiyo maana mtu anaweza kupita kwenye kibonde saa sita mchana salama, akarudi saa kumi na moja alfajiri kuteka maji asitoke tena. Ndiyo maana pia mbuzi, mbwa na mtoto wanaanguka kabla ya mtu mzima: pua zao ziko chini.

Kanuni za mgeni ni chache, nazo si za mjadala. Usipige hema kwenye kibonde karibu na ziwa, hata kama nyasi zake ni laini. Mahali ambapo panzi na ndege wamekufa bila jeraha, au mimea imekauka na ya jirani imestawi, ondoka. Usitembee ufukweni gizani bila mwenyeji. Na ukiona mtu ameanguka ndani ya shimo, usiruke kumfuata, kwa kuwa pumzi mbili tatu za hewa hiyo nzito zinatosha kukulaza kando yake. Ita watu, tafuteni kamba. Kituo cha uchunguzi wa volkeno cha Goma kimekuwa kikiweka mabango kwenye maeneo yanayojulikana, lakini mwenyeji anajua hata yale yasiyo na bango. Kwa upande wa Sake kuna Ghuba ya Kabuno, ambako maji yaliyoshiba hewa ukaa yanaanzia mita 11 hivi tu chini. Kupiga kasia hapo ni raha. Kupiga mbizi, tafuta ziwa jingine.

Baada ya hayo, furahia. Jioni mitumbwi inatoka ikiwa imefungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu, na taa zake zinaelea mbali kama mji mdogo uliohamia majini. Wanavua sambaza, samaki mdogo aliyeletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na ambaye leo ndiye mboga ya ziwa zima. Mle akiwa amekaangwa akakauka, kwa bugali na pilipili. Hahitaji kisu.

Milima ya jibini

Kutoka Sake kupanda, migomba inapungua na malisho yanaanza: vilima vya kijani vilivyozungushiwa uzio wa miti hai, ng'ombe wametapakaa, ukungu unakuja na kwenda. Mgeni husema pamefanana na Uswisi. Ukweli ni kwamba mandhari haya yana umri mfupi. Sehemu kubwa ilikuwa msitu na mashamba kabla ya walowezi wa Kibelgiji kufungua malisho. Kati ya mwaka 1937 na 1955 serikali ya kikoloni ilihamishia huku maelfu kwa maelfu ya watu kutoka Rwanda ili wafanye kazi na kulima, kwenye ardhi ya machifu wa Kihunde. Migogoro ya ardhi ya leo ina mizizi humo. Mgeni hahitaji kuijadili mezani, bali anahitaji kuijua, ili asimwulize mtu asiyemfahamu swali la "ninyi asili yenu wapi?" akidhani anachangamsha mazungumzo.

Zao la malisho hayo ni jibini la Masisi, ambalo sokoni Goma linaitwa fromaji: gurudumu la manjano lenye ngozi ngumu, laini ndani, linalotengenezwa vilimani kwa maziwa mabichi, sufuria na mbao za kukamulia. Ujuzi wake unahusishwa na mapadre wa Kibelgiji. Ukitembelea kiwanda kidogo cha jibini, fika asubuhi maziwa yanapoletwa. Mchana utakuta mbao zimeshaoshwa.

Usikasirike chakula kikichelewa. Kwenye mita 2,300 maji yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi badala ya 100, na maharage hayajui kwamba una njaa. Chungu kilichohitaji saa mbili ufukweni kitahitaji zaidi huku, na mkaa zaidi. Mwenyeji wako akikuuliza jana yake kama utakula maharage, anahesabu moto.

Kaskazini zaidi yako maziwa madogo ya Mokoto, na monasteri iliyoanzishwa na Watrapisti miaka ya 1950. Utulivu wake ni wa aina ambayo watu husafiri mbali kuutafuta. Lakini Mei 1996 watu waliokimbilia humo waliuawa, na watawa wakalazimika kuondoka. Ukifika, salimu kwanza, uliza, kamera baadaye.

Msitu ambao hauahidi kitu

Walikale ndiyo wilaya kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini: zaidi ya kilomita za mraba 23,000, karibu ukubwa wa Rwanda nzima, na sehemu kubwa ni msitu wa mvua. Hapa wanaishi gorila wa Grauer, ngagi wa nyanda za mashariki, ambao hawapatikani nchi nyingine yoyote isipokuwa Kongo. Katikati ya miaka ya 1990 walikadiriwa kufika 17,000. Makadirio ya 2016 yalishuka hadi 3,800, na utafiti mpana zaidi uliotolewa 2021 ukafikisha kama 6,800. Vita vilileta bunduki msituni, na migodi ikaleta maelfu ya watu wa kulishwa, nyama ikatafutwa palepale.

Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa 1970 na kupanuliwa 1975 hadi kilomita za mraba 6,000, inaingia ndani ya Walikale. Gorila wake waliozoezwa kuonana na watu, hata hivyo, wako upande wa milimani, Tshivanga, Kivu Kusini. Wa Walikale hawajazoezwa. Ukiwakaribia wanaondoka, au dume anakuja kukuuliza unatafuta nini. Huko Nkuba, ambako wenye ardhi wa vijiji wanalinda msitu wao kwa kushirikiana na shirika la Dian Fossey, wafuatiliaji wanasoma nyayo, viota vya jana usiku na mashina yaliyotafunwa, bila kusogelea kundi. Kwa hiyo jiandae kuona alama zaidi ya sura. Kuna malipo mengine: ndege, vipepeo, mito ya Lowa na Oso, na kwa mwenye bahati kubwa, sauti ya tausi wa Kongo, ndege ambaye sayansi ilimtambua rasmi mwaka 1936 tu.

Tena kuna masimulizi. Walikale ni nyumbani kwa Wanyanga, wenye utenzi wa Mwindo uliorekodiwa 1956 kwa kinywa cha mtambaji She-Karisi Rureke. Humo Nkuba ni radi. Ndiye anayempandisha shujaa angani kwa kosa la kumuua joka lililokuwa rafiki wa Nkuba, na Mwindo anarudishwa duniani akiwa amekatazwa kuua wanyama. Uhifadhi wa huku ulikuwa na maneno yake kabla ya mashirika kuja na yao.

Anza na matope, maliza na maji

Wakala wa kawaida angekuuzia ufukwe kwanza. Mimi nashauri kinyume: msitu, kisha milima, kisha ziwa. Sababu ya kwanza ni malaria. Mbu wa Walikale akikuambukiza, homa haiji kabla ya siku saba hivi. Ukianza na msitu kwa siku nne, ukapanda Masisi kwa tatu na kumalizia ziwani kwa tatu, homa ikija itakukuta karibu na hospitali za Goma badala ya kukukuta siku mbili ndani ya msitu. Kinga ya vidonge meza hata hivyo. Sababu ya pili ni gorila: mafua yetu yanawaua. Baridi ya Masisi ni fundi wa kugawa mafua, kwa hiyo usikae huko kabla ya kwenda kwa ngagi. Mwenye kikohozi abaki kambini, na barakoa ivaliwe na wote.

Miezi mizuri ni Juni hadi Agosti, na baada yake Januari na Februari. Hiyo ni kalenda ya ziwa na milima. Walikale haina kiangazi, ina miezi ya mvua kidogo. Kipande cha kati ya Masisi na Walikale kwa miaka mingi kimekuwa cha pikipiki na miguu zaidi kuliko cha magari, ndiyo maana ndege ndogo zilizoea kutua juu ya lami ya barabara pale Kilambo, upande wa Walikale, magari yakisubiri kando. Tenga siku moja tupu kila hatua. Beba cheti cha homa ya manjano, nakala kadhaa za pasipoti kwa ofisi za uhamiaji za njiani, na dola zisizo na mpasuko, kwa kuwa noti iliyochanika hata kidogo inarudishwa. Daraja, askari na kizuizi havipigwi picha. Kila kijiji, mkuu wake asalimiwe kwanza.

Kipimo cha mwisho

Haya yote nimeyaandika kama mpango wa daftarini, na kwa sasa yabaki humo. Januari 2025 waasi wa M23 waliteka Masisi mjini, kisha Sake, kisha Goma, na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Machi waliingia Walikale mjini, wakaondoka Aprili. Bulengo, ufukwe ambao ungefaa vikapu vya vyakula vya Jumapili, palikuwa na mahema ya watu waliokimbia vijiji hivihivi nilivyovitaja. Hakuna gorila wala jibini linalostahili kumfanya mgeni apite katikati ya hayo, wala dereva wake.

Siku ikifika ya kuuliza tena, usiishie kwa mwenye hoteli, maana ana vitanda vya kujaza. Nenda sokoni Goma asubuhi, kwa mama anayeuza fromaji. Mwulize imetoka vilimani lini, imelipishwa kwenye vizuizi vingapi, na kama aliyeileta alirudi nyumbani siku ileile. Akikujibu "jana", "hakuna" na "ndiyo", wiki baada ya wiki, toa daftari lako.