Pikapu, Turubai na Usiku wa Mlimani

Nilipomweleza mama yangu, anayeishi kijijini nje kidogo ya mji wa Bungoma, kwamba ninakusudia kuezeka pikapu yangu ili mimi, mke wangu na watoto wetu watatu tupate kulala humo mlimani, alinyamaza kitambo, akapangusa mikono kwa leso, kisha akaniuliza: "Mwanangu, ni nani aliyekufukuza kwako?"

Nilicheka. Yeye hakucheka, nami nilichukua siku nyingi kutambua kwamba swali lile halikuwa mzaha.

Msomaji wa Nairobi au Mombasa huenda asione tatizo. Familia kupakia mablanketi garini na kwenda kulala nje kwa siku mbili ni starehe, na atakayeikosoa atasema tu kwamba ni mambo ya Wazungu. Lakini sisi wa Bungoma na Trans Nzoia tuna sababu nyingine ya kusita. Katika mapigano ya mwaka 1991 na 1992, watu walishuka kutoka miteremko ya Elgon wakiwa na vyungu, mbuzi na watoto mgongoni. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, uwanja wa maonyesho wa Kitale ukajaa watu waliokimbia makwao. Na kati ya 2006 na 2008 mlima wenyewe ulikuwa mahali pa kutajwa kwa sauti ya chini, kwa sababu ya umwagaji damu uliotokana na mashamba ya Chebyuk, hadi jeshi lilipoingia mwezi Machi 2008 kwa operesheni iliyoitwa Okoa Maisha, ambayo nayo iliacha vilio vyake. Uani kwa mama yangu, chini ya mparachichi, jamaa zetu waliishi chini ya turubai kwa muda wa miezi minne. Kwa mtu wa rika lake, neno hilo halina uhusiano wowote na likizo.

Kazi yangu ni kufundisha isimu, na kwa hivyo nina ugonjwa wa kuyafuata maneno hadi yanakotoka. Turubai limetokana na Kiingereza, ambako lilikuwa kitambaa kilichopakwa lami, kitu cha mabaharia. Kanopi, neno ambalo mafundi wetu wote hulitumia kwa ile paa ya nyuma ya pikapu, lina historia ya kuchekesha zaidi. Waingereza walilipata kwa njia ya Kilatini na Kifaransa, na asili yake ni neno la Kiyunani lililomaanisha kitanda chenye pazia la kuzuia mbu. Yaani kanopi, kwa haki, ni chandarua! Na wazee wa pwani walikuwa wameshaufikia ujirani huo wa maana bila kumuuliza Myunani yeyote, kwa kuwa kamusi za kale huonyesha kuwa chandalua lilitaja chandarua cha kitandani na pia kitambaa kinachotandazwa juu kama paa. Pwani hiyo hiyo ina neno dago, kambi ya muda ya wavuvi wanaolala visiwani wakifuata samaki. Kwa hivyo anayedai kwamba lugha hii haijui kulala nje kwa hiari hajaisikiliza vizuri.

Lakini hoja za kamusi hazimtulizi mama. Nilienda kwa fundi hata hivyo.

Hapa ni lazima nikiri kwamba kanopi si kitu kigeni kwetu hata kidogo. Baada ya Mzee Jomo Kenyatta kuruhusu matatu kubeba abiria bila leseni mwaka 1973, pikapu zilizoezekwa na kutiwa mabenchi mawili ya mbao ndizo zilizowafikisha watu wetu sokoni na hospitalini. Nilipokuwa mtoto nilipanda moja kutoka Bungoma hadi Chwele mara nyingi, magoti yangu yakigusana na magoti ya mama mwenye kuku, na vumbi likiingia kwa nyuma kama lililolipa nauli. Tulikuwa tukishuka vichwa vikituuma, na kila mtu alisema ni joto. Sasa najua kwamba gari linapokwenda huvuta hewa kwa nyuma, na moshi wa ekzosi hurudi ndani pamoja na vumbi. Hilo peke yake latosha kumkataza mzazi kuwaweka watoto chini ya kanopi gari likiwa mwendoni, tusiseme chochote juu ya kukosa mikanda. Aliye na pikapu ya viti vya mbele pekee, na ana watoto watatu, hana gari la safari hii.

Yangu ni ya milango minne. Watoto hukaa kiti cha nyuma na kufunga mikanda. Gharama ya raha hiyo ni kwamba sehemu ya mizigo ni fupi: kama mita moja na nusu kwa urefu, na upana kama huo, ila vifuniko vya magurudumu huumeza upana pande zote mbili. Mtu mzima hawezi kujinyoosha humo. Watoto wangu, wa miaka kumi na miwili, tisa na sita, waliweza. Basi mpango ukawa huu: kitanda cha mbao kiinuliwe juu ya vifuniko vya magurudumu ili upana wote upatikane, chini yake yakae makasha ya vyakula na vyombo, watoto walale juu, na sisi wazazi tulale katika hema dogo ubavuni mwa gari.

Fundi wa kwanza, wa Bungoma, ambaye simtaji, alifanya kazi ya kupendeza macho. Alichomelea fremu ya mabomba ya mraba, akaivika bati, akapiga rangi iliyofanana na ya gari. Nilimwomba madirisha. Aliniwekea vioo viwili vilivyogandishwa kwa raba pande zote, visivyofunguka. "Mwalimu," aliniambia, "dirisha likifunguka, mvua itaingia, utarudi kunilaumu." Komeo la mlango wa nyuma lilikuwa la nje tu. Mambo yote mawili niliyaona kwa macho yangu, nikalipa, nikaondoka. Laiti ningemsumbua kidogo! Msomi hutaabika sana mbele ya fundi. Huona haya kuuliza, asije akaonekana hajui kitu.

Tulipita Webuye, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini, tukanunua makaa na mahindi mabichi mjini Kitale, kisha tukashika njia ya Endebess hadi lango la Chorlim la Mbuga ya Taifa ya Mlima Elgon. Gari lilikuwa limebadilika tabia. Kanopi ile ilikuwa na uzani usiopungua wa watu wazima wawili, na uzani wenyewe uko juu, kwa hivyo kwenye kona pikapu iliinama kama mlevi anayesalimia. Nilijifunza kupunguza mwendo.

Mbuga hiyo ilitangazwa mwaka 1968. Watoto wangu walikuwa wakiuona mlima huo kila walipokwenda kwa bibi yao, wakijua jina lake la Kiingereza na lile la Wabukusu, Masaba, lakini hawakuwa wamewahi kuukanyaga. Tuliwaonyesha pango la Kitum, ambamo ndovu huingia usiku gizani na kuchimba kuta kwa pembe zao ili walambe chumvi. Alama za pembe zipo ukutani. Tuliwasimamisha mlangoni tu, hatukuingia ndani kwenye popo. Wawili kati ya watu waliozuru pango hilo, mhandisi Mfaransa wa kiwanda cha sukari cha Nzoia mwaka 1980 na kijana wa Kidenmaki mwaka 1987, waliugua homa ya Marburg baadaye wakafariki.

Nilikuwa mwangalifu kwa popo. Kwa makaa sikuwa.

Usiku wa pili ulikuwa wa baridi kali, na binti yangu alilalamika kwamba miguu imekufa ganzi. Tulikuwa tumepikia jiko la makaa, na makaa yalikuwa bado mekundu, hayatoi moshi. Nililiinua jiko kwa mikono yangu mwenyewe, nikaliweka ndani ya kanopi mlangoni, mbali na blanketi, nikijisifu kwamba nimeepuka hatari ya moto. Nikafunga mlango kwa komeo la nje. Nilikusudia dakika kumi. Tuliketi hemani na mke wangu tukizungumza, na dakika kumi zikawa karibu arubaini.

Tuliposikia kugonga, kulikuwa kudhaifu, kama mtu anayegonga kwa kiganja. Mwanangu mkubwa alikuwa ameketi akishikilia kichwa, ametapika blanketini. Binti yangu alilia kwamba kichwa kinapasuka. Yule mdogo alikuwa amelala, na tulipomwita hakuitika. Mke wangu alimburura kwa makwapa hadi nje kwenye majani yenye umande, akamkalisha, akampigapiga mashavu, akamwita kwa jina lake la ukoo, lile ambalo hulitumia akikasirika tu. Sijui ilichukua muda gani. Alipofungua macho aliuliza kwa nini amelowa.

Hewa ya makaa, kaboni monoksidi, haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho kama moshi. Huishika damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara mia mbili, na mwenye kuivuta husinzia tu. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo magazetini kila msimu wa baridi, familia nzima ikikutwa chumbani na jiko pembeni, na kila mara niliwahurumia kama watu wasiojua. Alfajiri tuliteremka hadi hospitali Kitale. Watoto walichunguzwa, wakatiwa hewa safi, na jioni wakaruhusiwa. Daktari hakunikaripia. Alinitazama tu, akaandika.

Pikapu haikurudi kwa fundi wa kwanza. Nilimpata mwingine, kijana wa jua kali pale pale Kitale, nikamsimulia mkasa wote bila kujisitiri. Alikata vile vioo, akatia vya kusukuma pande zote mbili, na nyuma yake akatandaza wavu wa mbu. (Myunani angefurahi.) Akafungua tundu mbili za hewa karibu na paa ambazo hazizibiki hata kwa kutaka. Komeo akalitengeneza lifunguke kwa ndani na kwa nje, akamwingiza mtoto wake wa miaka mitano, akafunga, akamwambia atoke mwenyewe. Mtoto akatoka. Ndipo aliponitajia bei. Kwa baridi, alinishauri nijaze maji moto katika chupa za plastiki ngumu na kuziweka miguuni, jambo ambalo bibi yangu mzaa mama angeliniambia bure.

Nilidhani nitamficha mama. Watoto walimweleza kabla sijazima injini. Alisikiliza hadi mwisho, akaenda kuizunguka pikapu, akapitisha kidole kwenye zile tundu za hewa, akaingiza kichwa ndani, akanusa. Aliuliza kama mlimani bado kuna nyumba zilizochomwa. Nikamwambia tulikopita sikuziona. Nimeona vitunguu, viazi na watoto wa shule. Akaniuliza zaidi juu ya vitunguu.

Mwezi ujao tunakwenda karibu zaidi, Saiwa, mbuga ndogo iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, yule swala wa majini, ambako hakuna kutembea kwa gari, ni kwa miguu tu, na jiko litabaki nyumbani. Jumapili iliyopita mama alipiga simu. Alitaka kujua kama kile kitanda cha mbao kinaweza kushushwa kidogo, kwa maana magoti yake siku hizi hayapandi.