Kabla Ukuta Haujafungwa

Marekani haina kanuni moja ya mabomba kwa nchi nzima. Kila jimbo huchagua yake, aghalabu kutoka katika vitabu vya kanuni vilivyotungwa na vyama vya wataalamu: California hufuata kimoja, Florida kingine, kila moja ikiongeza na kupunguza. Ndiyo maana haki ya mwenye nyumba hubadilika akivuka mpaka. Huko Massachusetts haruhusiwi kufunga mabomba hata ya nyumba anayoishi. Kibali hupewa fundi mwenye leseni tu. Texas humruhusu kuyafunga bila leseni katika makazi yake mwenyewe, ingawa miji bado inaweza kumdai kibali na ukaguzi. Mkenya au Mtanzania aliyewahi kumiliki nyumba Boston, kisha akahamia Houston, atashangaa kazi ileile ikiwa kosa kule na halali huku. Naona Texas ndiyo iliyolenga penyewe. Kinachomlinda mtu ni jicho la pili kutazama kazi kabla ukuta haujafungwa, awe nani aliyeshika spana.

Kosa la bomba hujificha. Chini ya kila sinki pana bomba lililopindwa ili libakize maji kidogo, na maji hayo ndiyo kizuizi pekee kati ya jikoni na hewa chafu ya bomba la maji taka. Fundi akisahau bomba la kupitishia hewa, maji yale hufyonzwa kila choo kinapovutwa, na hewa hiyo huingia ndani bila mtu kujua ilipotokea. Baya zaidi ni maji taka kupata njia ya kuingia kwenye maji ya kunywa. Mwaka 1933, Chicago ikiwa imejaa wageni wa maonyesho ya dunia, mabomba mabovu ya hoteli mbili yalifanya hivyo hasa. Watu wapatao 1,400 waliugua kuhara damu kunakoletwa na amiba, na 98 wakafa. Wengi walianza kuumwa wakiwa wamekwisha kurudi makwao, ndiyo maana chanzo kilichelewa kugundulika.

Wapo wasemao nyumba ni yangu, nikikosea nitaumia mwenyewe. Lakini bomba la nyumba limeungana na la mtaa, na nyumba itauzwa kwa mtu ambaye hakuona kilichomo ukutani. Wengine hulalamikia ada na usumbufu. Hapo kanuni nyingi zina busara: kuziba panapovuja, kuzibua sinki, au kutoa choo na kukirudisha palepale, mradi mabomba hayakupangwa upya, hakuhitaji kibali. Hoja nzito ni ya Massachusetts: mkaguzi hukaa dakika chache tu, hawezi kuona kila kitu. Ni kweli, lakini hategemei macho pekee. Mabomba mapya ya maji taka hujazwa maji na kuachwa dakika 15; kiungo kibovu hujitaja chenyewe, kiwe cha fundi au cha mwenye nyumba.

Itaulizwa pia, kanuni yenyewe ikikosea je? Chicago iliwalazimisha watu kutumia mabomba ya risasi kuleta maji nyumbani mpaka Bunge la Marekani lilipoyapiga marufuku mwaka 1986, na mabomba hayo, takriban 400,000, yakabaki ardhini yakitishia akili za watoto. Hilo ni doa kubwa, wala silitetei. Hata hivyo kosa lililoandikwa lilifutwa kwa sheria moja, na kwa kuwa amri ile inajulikana, mwenye nyumba ya zamani anajua pa kuanzia kuchunguza. Kazi iliyofanywa kimyakimya haina kumbukumbu. Anayenunua nyumba Marekani na aende ofisi ya majengo ya mji, aulize vibali vya anwani ile. Akikuta bafu jipya ghorofani na faili halina hata karatasi moja, amwite fundi wa kulikagua kabla hajatia saini.